Maji ya Mabibo

Nimemchukia mtu mmoja tu kikamilifu maishani mwangu, na nilimchukia kwa furaha. Wengine nimewanunia wiki mbili tatu, nikawasahau. Yule bwana nilimchukia kama kazi ya mshahara: asubuhi naingia, jioni natoka, kesho yake naendelea nilipoishia. Hata leo nikimkumbuka amesimama mbele ya wageni, rula mkononi na mdomo wazi, huwa nacheka peke yangu jikoni, na wajukuu huulizana bibi ana nini.

Nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ya misheni upande wa Masasi. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la wavu, meza mbili, darubini moja, jokofu la mafuta ya taa, na kabati la mbao tulilolipasha joto kwa kandili ili kuoteshea vijidudu. Kazi yangu ilikuwa makohozi, damu na choo, na niliifanya vizuri. Vita vya Msumbiji vilikuwa vimepamba moto ng'ambo ya Ruvuma. Watu walivuka na watoto mgongoni, na vidonda vilivyokaa siku nyingi njiani bila kuoshwa. Penisilini ilikuja kidogo na kuisha upesi, na wauguzi walifua bandeji zile zile mpaka zikawa nyuzi.

Ndipo akaletwa yeye. Alikuwa mtumishi wa serikali kutoka mkoa wa mbali, msomi, kijana bado, na barua yenye muhuri iliyosema kwamba katika kujitegemea ni lazima taifa lipime dawa za miti yake lenyewe. Jambo hilo lilikuwa jema, na nalisema jema hata leo. Tulimwita Ndugu Mtafiti, maana miaka ile kila mtu alikuwa ndugu, pamoja na wale wasiotaka udugu wowote na wewe. Alipewa nusu ya maabara, na mimi nikapewa pamoja na meza.

Ni mimi niliyempeleka kwa mama. Siwezi kumtupia mtu mwingine lawama hiyo. Mama alikuwa akiishi katika kijiji cha ujamaa karibu na Kitangari, juu uwandani, na alijulikana kwa kutibu vidonda vilivyooza. Alitumia gome la mti mmoja ambao jina lake sitaliandika hapa, nina sababu zangu. Watu walitoka mpaka Newala mjini kumfuata. Kama ilivyo desturi kwetu, walimwita Mama fulani, kwa jina langu mimi mzaliwa wake wa kwanza, na nilipokuwa mdogo nilidhani jina langu ndilo linaloponya. Kwa hiyo Ndugu Mtafiti aliponiuliza kama nawajua waganga, nilijigamba.

Tulipanda kwa gari la hospitali. Alishuka, akasimama mbele ya mama yangu, mtu aliyeweza kumzaa, akatia mikono mfukoni akingoja aamkiwe. Mama naye akangoja. Kwetu shikamoo haisahauliki. Mtu asipoitoa, ameamua. Mwishowe mama akasema tu, "Karibuni," akatandika mkeka.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, na mgambo mmoja na rungu lake. Mama akaeleza kwa Kimakonde namna anavyofanya: gome linaanikwa kivulini, linatwangwa, linalowekwa siku tatu kwenye maji ya mabibo, kisha linawekwa kwenye kidonda.

Hapa ndipo pa kueleza. Mabibo ni yale matunda ya mkorosho yenye maji mengi. Ukiyakamua na kuyaacha yachachuke unapata uraka, na uraka ukiupika na kuuvukiza unapata nipa, kinywaji kikali ajabu. Nipa ilikuwa imepigwa marufuku. Mwenyekiti huyo huyo alikwisha kuvunja vyungu vya mwanamke mmoja mbele ya watoto wake. Kwa hiyo aliyelazimika kuitaja nipa mahali penye masikio ya serikali alisema "maji ya mabibo," na kila mwenyeji alielewa.

Na mama hakuwa mlevi. Sababu yake ilikuwa maji. Uwandani kwetu maji yalishukiwa bondeni, ndoo moja ilikula nusu siku ya mtu na shingo yake. Hakuna mwanamke wa Newala angemwaga maji ya kunywa juu ya gome la mti wakati jirani yake ana chupa ya nipa chini ya kitanda.

Ndugu Mtafiti akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikamtazama mgambo, nikamtazama mwenyekiti. Nikasema, "Analoweka kwenye maji, siku tatu."

Akaandika: maji. Mama, ambaye Kiswahili alikisikia vizuri kuliko alivyokisema, alinitupia jicho mara moja. Nilidhani namkinga.

Upimaji wenyewe ulikuwa hivi. Tulikuwa na sahani ndogo za kioo zenye vifuniko. Tulimimina humo agari, ute wa mwani, iliyopikwa na mchuzi wa nyama, ikaganda. Juu yake tulipaka usaha wa mgonjwa, kisha kwa mdomo wa bomba la kioo tukatoboa vishimo na kujaza dawa ndani yake. Sahani ikalala katika kabati la joto. Kesho yake, kama dawa inaua vijidudu, unaona duara safi kuzunguka kishimo. Kama haiui, vijidudu vimetanda kila mahali kama ukungu juu ya uji uliolala. Gome la mama, lililolowekwa kwenye maji siku tatu, halikutoa duara lolote. Vijidudu vilikuwa vimefika mpaka ukingoni mwa kishimo.

Nilingoja awe peke yake. Nikamwambia, "Ndugu, nilikosea kutafsiri. Si maji. Ni nipa."

Akaweka kalamu chini, akatabasamu. "Kwa hiyo niiandikie serikali kwamba mama yako anaweka gongo nyumbani?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Mwenyekiti angeisoma barua hiyo, na polisi pia. Nikasema, "Hapana, Ndugu," nikarudi kwenye makohozi yangu.

Wiki iliyofuata ukaitishwa mkutano wa kijiji. Nilikuwa nimempelekea mama habari kwamba wageni watakuja kuzungumzia dawa yake. Sikujua watakachosema, wala yeye hakujua, akanunua khanga mpya na kukaa mbele kabisa, kwenye mkeka, miguu imenyooka. Ndugu Mtafiti akasimama na ile sahani mkononi. Alikuwa ameibeba kutoka Masasi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, kama mtu apelekaye zawadi.

"Ndugu wananchi," akasema, "hiki ndicho mnachowekewa kwenye vidonda vyenu. Tazameni. Vijidudu vimekula, vimeshiba, vimezaana. Hii si dawa. Hiki ni chakula cha vijidudu."

Watu wakacheka. Sahani ikapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akiitazama na kuguna. Akacheka mwenyekiti, akacheka mjomba wangu, akacheka mtu ambaye mguu wake mama aliuokoa usikatwe, na mguu huo huo ndio alioukanyagia chini kwa kucheka. Mama hakuinuka. Alisubiri mkutano uishe, akakung'uta khanga, akaenda nyumbani. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya bwana yule na koti langu jeupe, nimefunga mdomo, kwa sababu neno moja tu la kumtetea lingemtia mama mikononi mwa polisi.

Hata mwezi haukwisha, wakawa wanamwita Mama Vijidudu. Kwanza nyuma ya mgongo, kisha mbele yake, kisha watoto wakapita wakisema, "Shikamoo, Mama Vijidudu," naye akaitika marahaba, maana angefanya nini? Jina langu lilichomolewa kwake kama mtu anavyochomoa mwiba. Wagonjwa wakakoma kuja. Wakimbizi walioletwa kijijini wakaambiwa wasikanyage nyumba ile. Niliapa mambo mawili: nitamrudishia mama jina lake, na yule bwana nitamfanya achekwe vile vile, mbele ya watu, sahani ikiwa mkononi mwake. Wakati ule niliona ni kiapo kimoja.

Nikafanya kazi. Nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Nilimwitikia "ndiyo, Ndugu" mpaka akasahau kwamba nina mama. Kazi ya mikono akaniachia yote, yeye akabaki na rula ya kupimia na mdomo wa kusemea.

Baada ya muda likaja debe la spiriti, na mambo yakabadilika. Akaacha kabisa kuloweka kwenye maji. Kila gome, kila jani, kila mzizi uliingia kwenye spiriti, na ajabu, kila mmoja ukatoa duara. Alitembea maabarani akipiga mluzi. Siku moja nikafungua chupa ya mti nambari saba ili kuchuja, harufu ikanipanda puani, nikaiona na ile rangi nyekundu iliyopauka ambayo nimeiona kwenye vidole vya mama tangu nizaliwe. Nikafungua daftari lake. Aliandika: "Nambari saba. Gome. Msitu wa uwandani. Njia ya kuloweka kwenye kileo: ya mtafiti." Mama yangu hakuwemo hata kwa herufi moja. Nilichomnong'oneza kwa hofu alikiweka mfukoni, akamcheka mama mkutanoni, kisha akakitoa kama mali yake. Nikalifunga daftari, nikalirudisha pale pale.

Lakini kulikuwa na kitu kilichonikera kwenye yale maduara. Yalikuwa yanafanana mno. Miti kumi na zaidi, kutoka Lisekese mpaka Newala, na yote ina nguvu moja? Wauguzi husafisha sindano kwa spiriti, na sababu yake ni hiyo hiyo, inaua vijidudu. Basi mchana mmoja, yeye akiwa amekwenda kupumzika baada ya chakula, nikatoboa kishimo kwenye sahani mpya na kukijaza spiriti tupu, isiyo na jani wala gome. Kesho yake kulikuwa na duara safi. Nilikaa kwenye kigoda nikacheka mpaka nikashika mbavu. Bwana mkubwa hakuwa amepima mti hata mmoja. Miezi yote hiyo alikuwa akipima debe lake.

Ningeweza kuishia hapo, na pengine ingekuwa heri. Lakini mimi ni mtu wa maabara. Nikachukua kila chupa, nikamimina kidogo kwenye kisahani, nikakiacha wazi katika joto mpaka spiriti ikaruka yote, yakabaki mashapo kama lami. Nikayayeyusha kwa maji kidogo ya moto, nikayapima upya. Nambari moja, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Sahani zikafuatana hivyo, nyeupe za ukungu, zote za kutupa. Nikafika nambari saba. Kulikuwa na duara. Lilikuwa dogo kuliko lile la spiriti, upana wa ukucha wa kidole gumba, lakini safi. Nikarudia na usaha wa mgonjwa mwingine, nikarudia tena na wa tatu. Duara likawa pale pale.

Mama yangu alikuwa sahihi: kileo ndicho kilichoitoa nguvu ya gome, maji matupu hayakuweza. Nililia, na sikulia kwa uchungu. Kisha nikafuta machozi nikaanza kupiga hesabu zangu. Nikimwonyesha yeye, ataandika kwamba ameligundua. Nikiwaonyesha wakubwa zake, watampa mkono wa pongezi, maana gome limo katika daftari lake, kwa mwandiko wake. Nikaifunga ile sahani kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya jokofu nyuma ya chupa za damu.

Wageni walikuja watatu, kutoka Dar es Salaam, kuona kazi ya kujitegemea ilivyofika. Mkubwa wao alikuwa daktari mzee mwenye miwani minene na sauti ndogo. Daktari wetu alikuwepo, na wauguzi walikuwa wamejazana nje ya dirisha la wavu. Siku mbili kabla, Ndugu Mtafiti alikuwa ameniagiza niongeze miti mitatu mipya ili meza ijae. Niliiongeza, na daftarini nikaiandika mwenyewe.

Akaanza. Alikuwa na sauti nzuri, nampa haki yake. Aliinua sahani moja moja, akaweka rula, akasoma upana wa duara, akaeleza taifa litakavyookoka. Akafika mwisho wa meza. "Nambari kumi na mbili: nguvu ya kuridhisha sana. Nambari kumi na tatu: nzuri zaidi. Nambari kumi na nne, waheshimiwa, tazameni wenyewe, hii ndiyo bora kuliko zote."

Daktari mzee akauliza, "Hiyo kumi na mbili ni mti gani?"

Hakujua. Akanigeukia. "Msaidizi, soma daftari."

Nilikuwa nimeingojea amri hiyo tangu siku ya ule mkutano. Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti, taratibu, kama nasoma somo kanisani: "Nambari kumi na mbili. Vijiti vya ufagio wa maabara."

Nikageuza ukurasa.

"Nambari kumi na tatu. Kisamvu, kilichobaki jikoni kwa wauguzi. Nambari kumi na nne. Spiriti tupu."

Aliyeanza kucheka alikuwa nje ya dirisha. Kisha wakacheka wote, hata daktari wetu aliyejifanya anapenga kamasi. Ndugu Mtafiti alikuwa bado ameishikilia sahani ile juu, rula imeelea hewani, na uso wake ukawa unatafuta pa kwenda. Niliutazama mpaka nikashiba. Nilimtazama kama alivyomtazama mama yangu kwenye mkeka, bila kupepesa. Sijapata kula chakula kitamu kama kile.

Yule daktari mzee peke yake hakucheka. Akaniuliza, "Binti, umejuaje?"

Nikamweleza habari ya kuikausha spiriti kwanza.

"Na miti yote umeirudia hivyo?"

"Nimeirudia, Mzee."

"Na hakuna hata mmoja uliobaki na nguvu?"

Ndugu Mtafiti akaniangalia. Hakuwa na kiburi tena; macho yake yalikuwa yanaomba, kipande chochote, jani lolote la kumsitiri. Jokofu lilikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa. Ningelifungua, angepata kitu cha kushika. Angesema, si mnaona, moja angalau ni ya kweli, na wangemsikiliza.

"Hakuna, Mzee," nikasema.

Akaandika mstari mmoja, akafunga kitabu chake.

Wiki haikwisha, yule bwana akapakia masanduku yake akaondoka bila kuaga mtu. Nikazisafisha meza. Wagonjwa walikuwa wengi na sahani chache, kwa hiyo nilizichemsha zote pamoja, na ile iliyokuwa nyuma ya chupa za damu, nikaziosha nikazianika.

Nikapanda lori la korosho mpaka Kitangari kumpelekea mama ushindi wake. Nilimwigizia yote: sauti, rula, mdomo. Nilipofika kwenye vijiti vya ufagio alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mkutano ule. Kisha akaniuliza, "Na yangu?"

"Wamezifuta zote, mama. Utafiti mzima."

"Na yangu imo humo?"

"Imo."

"Haya," akasema, akaendelea kuchambua kunde.

Nilitegemea kijiji kisikie. Kilisikia. Kilisikia kwamba madaktari wakubwa wametoka Dar es Salaam, wamezipima tena dawa za uwandani, safari hii kwa uangalifu, na zote hazifai kitu. Mwenyekiti alilitangaza mkutanoni. Jina la Mama Vijidudu, ambalo kwanza lilikuwa la mzaha, sasa likawa na muhuri.

Mvua zilizofuata mama alijikata na jembe kwenye mguu. Sikuambiwa. Nilimwona tu kupitia wavu wa dirisha, asubuhi, amekaa katika foleni ya wagonjwa wa nje kati ya wakimbizi wawili, mguu umefungwa kitambaa kilicholowa. Alikuwa ameteremka uwanda kwa lori na kidonda cha siku tisa. Nikatoka mbio, nikamwamkia, nikamwingiza chumba cha kufungia vidonda. Nikafungua kile kitambaa. Hakukuwa na kitu chochote juu ya kidonda, na harufu yake niliijua.

"Mama, mbona hukuweka dawa yako?"

"Ipi?"

"Ile ya gome."

Akanitazama kwa mshangao. Niliutafuta mzaha usoni mwake, au lawama, sikuona. "Ile si mliipima ikaonekana haifai?" akasema. "Mliipima wenyewe."

Muuguzi alikuwa ameshavuta penisilini kwenye bomba la sindano, anasubiri. Neno nililopaswa kumwambia mama lilikuwa mdomoni, na lilikuwa fupi. Nikamshika bega, nikamwambia ageuke kidogo, sindano haiumi sana.